Kesi ya Mtani na Baiskeli ya Marehemu

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, pale Uhindini inapoishia na kutazamana na uwanja wa Mnazi Mmoja. Ng'ambo ya uwanja ndiyo Kariakoo. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imetupanga kama vyombo kabatini: Wazungu kwenye upepo wa bahari, Wahindi katikati penye maduka, na sisi wengine nyuma ya uwanja, penye vumbi na mbu. Wakili wangu alikuwa amechagua kukaa mpakani. Alisema ni kwa sababu anapenda kuwa karibu na wateja, na mimi nilimwitikia, kwa kuwa kumwitikia ilikuwa sehemu ya kazi.

Alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapa hapa Dar es Salaam, aliyepelekwa London na baba yake kusomea sheria, akarudi na kikohozi kisichopona na wigi la nywele za farasi. Wigi lilikaa ndani ya kopo la bati juu ya kabati na lilitoka kwa kesi za Mahakama Kuu tu. Vumbi likizidi nililifungua nikalipuliza. Sijui farasi huyo wa watu alikuwa amemkosea nani.

Mimi nilikuwa karani wake. Nilipiga chapa, nilipokea wageni, nilimweleza wakili mambo ya Uswahilini na kuwaeleza Waswahili mambo ya wakili, na pande zote mbili ziliniona mwongo. Kazi zetu zilikuwa za leseni, za serikali na za jela, na mara nyingi mteja mmoja alizipitia zote kwa mpangilio huo huo. Muuza kahawa alikamatwa kwa kukosa leseni. Akaenda kuomba leseni, akaambiwa mtu aliyekwisha kukamatwa hastahili leseni. Akarudi kuuza kahawa ili watoto wale, akafungwa. Wakili aliniambia kwamba mambo kama hayo huko alikosoma yanaitwa sheria ya umma. Mimi niliyaita Jumatatu.

Sasa nimfikie mtu wangu. Naomba ieleweke mapema kwamba mimi ni Mzaramo na yeye alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo nikimsema vibaya nitakuwa natimiza wajibu. Watu wa kwao walianza kushuka pwani na misafara ya pembe tangu enzi za mababu, wakipita katika nchi yetu na mizigo vichwani, na tangu hapo sisi na wao tumepeana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana vitu na kuzikana. Huo ndio utani. Akifa Mzaramo, ndugu zake wanakaa chini wanalia, na Mnyamwezi ndiye anayeingia kaburini, anayechota maji, anayemtukana marehemu kwa ubahili wake, anayekamata kitu cha nyumbani na kukataa kukirudisha mpaka apewe chochote. Akifa Mnyamwezi, ni zamu yetu. Usipokuwa na mtani msibani, watu hukuhurumia mara mbili.

Huyu alikuwa mchukuzi wa sokoni Kariakoo. Alisukuma mkokoteni kutoka stesheni hadi sokoni na kutoka sokoni hadi popote, na mkononi alifunga beji ya shaba yenye namba, iliyomaanisha kwamba serikali imemruhusu kuchoka. Alikuwa mfupi, mpana, na mchafu kiasi tulichokubaliana na kabila lake. Alikaa mtaa wa Gerezani na mkewe na watoto. Alikuwa ameishi mjini muda mrefu kiasi kwamba akisema "kwetu" alinyoosha kidole kuelekea stesheni, wala hakumaanisha treni. Alimaanisha chumba chake nyuma ya karakana ya reli.

Rafiki yake mkubwa alikuwa fundi cherehani mmoja Mzaramo aliyekaa barazani Kariakoo, pamoja na dada yake aliyekaanga vitumbua hapo hapo mlangoni. Rafiki nasema mimi; wao wangekataa. Kila asubuhi Mnyamwezi alisimamisha mkokoteni, akachukua kitumbua bila kuuliza, dada mtu akamwambia kwamba mama yake alimzaa kwa bahati mbaya njiani, yeye akajibu kwamba vitumbua vyenyewe vinanuka Uzaramo, na siku ilikuwa imeanza vizuri. Fundi alipougua kifua, alipelekwa hospitali kwa mkokoteni huo huo, amelazwa juu ya magunia, huku msukumaji akiwatangazia watu njia nzima kwamba amebeba mzigo wa kuni mbichi.

Fundi hakupona. Siku ya mazishi, watu wakiwa wamejaa mikekani, mlango wa ndani ulifunguliwa akatoka Mnyamwezi amevaa koti la marehemu, utepe wa kupimia shingoni, miwani ya marehemu puani, anasukuma baiskeli ambayo marehemu hakuwahi kumwazima binadamu yeyote. Akaipanda. Akashika njia, anapiga kengele, na kila aliyemwona akamwambia kwa sauti ile ile ya fundi, "Njoo kesho, vifungo bado." Watu waliokuwa wakilia walicheka mpaka wakalia upya. Dada wa marehemu akafunga khanga kiunoni akamkimbiza barabarani na wanawake wenzake, wakipiga kelele za mwizi, kama inavyotakiwa.

Kwenye kona alisimama inspekta wa polisi, Mzungu kijana, aliyeshuka melini si zamani. Ukweli lazima usemwe, macho yake yalikuwa mazima. Aliona mtu aliyevaa koti lisilomtosha, juu ya baiskeli nzuri, anakimbizwa na wanawake wenye machozi wanaosema mwizi. Askari aliyefuatana naye, mtu wa kusini, alielewa kila kitu, kwa kuwa kwao nako wana watani. Alitafuta neno la Kiingereza la kumweleza bwana wake, hakulipata, akaona njia nyepesi ni kukamata. Mshtakiwa alipelekwa kituoni akiwa bado na utepe shingoni. Marehemu alizikwa bila yeye.

Angepelekwa kwa liwali, hakimu wa wenyeji, kesi ingekwisha kabla kahawa haijapoa, na liwali angemtoza faini kwa kuendesha baiskeli vibaya. Lakini inspekta alipenda kazi yake, na kazi ilikuwa imemwangukia mikononi. Alimpeleka kwa hakimu wa Kizungu: wizi katika nyumba ya maiti.

Mke wa mshtakiwa alikuja ofisini, akakaa kwenye benchi, hakulia. Wakili alimsikiliza, akanieleza jambo ambalo nilitakiwa nimfasirie yule mama taratibu. Kifungo chenyewe, alisema, hakikuwa kirefu. Tatizo lilikuwa linalofuata. Mchukuzi aliyehukumiwa kwa wizi hunyang'anywa beji. Asiyekuwa na beji hana kazi inayotambulika. Asiye na kazi, na ameshahukumiwa, anaweza kuandikiwa amri ya kuondolewa mjini, apandishwe treni na kurudishwa kwao. Mama akauliza kwao wapi. Wakili akasema Unyamwezi. Mama akafikiri kidogo, akasema kwamba mumewe ameondoka huko kijana mdogo, nyumba ya baba yake ilikwisha kuanguka, na hao watoto hawajui hata lugha ya huko. Wakili akasema amri haiulizi hayo. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, ila huu wetu ulikuwa na meno upande mmoja.

Nilimweleza wakili utani ni nini. Alizaliwa hatua chache kutoka Kariakoo na alikuwa akisikia kelele hizo maisha yake yote; alidhani ni ugomvi. Akashusha vitabu vyake vyenye majalada ya ngozi, akatafuta utani. Haumo. Lakini akapata kitu kingine kilichomfurahisha mno: mtu akichukua kitu akiamini kwa moyo safi kwamba ana haki ya kukichukua, huyo si mwizi. "Tumeshinda," akaniambia, akakohoa. Alichohitaji ni shahidi mmoja wa familia aseme kwamba huyu ni mtani na ana haki. Na shahidi yupo tayari, tena kaitwa na serikali yenyewe: dada wa marehemu.

Siku ya kesi chumba cha korti kilijaa. Wazaramo walikaa upande mmoja na Wanyamwezi upande mwingine, wote wamevaa vizuri, wamebeba karanga. Hakimu alikuwa mzee mpole mwenye mwandiko wa polepole, aliyeandika kila neno linalosemwa mbele yake. Mkalimani wa korti alikuwa mtu wa Tanga, hodari katika kazi yake. Hilo ndilo lililotumaliza, maana hakukosea hata kidogo.

Inspekta, ambaye ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka, alimwuliza dada mtu baada ya kiapo kama anamfahamu mshtakiwa.

"Nimjue mara ngapi? Mwizi huyo."

Upande wa Wazaramo ulinong'ona kwa kuridhika. Mkalimani alitafsiri. Hakimu aliandika.

"Aliichukua baiskeli ya marehemu kaka yako?"

"Aliichukua. Na koti. Mngemchelewesha angechukua na jeneza."

"Aliomba ruhusa?"

"Mnyamwezi na ruhusa wapi na wapi?"

"Amewahi kuiba siku nyingine?"

"Kila siku ya Mungu. Vitumbua vyangu anaiba. Baba yake mwizi. Babu yake alikuja pwani na pembe za watu, na pembe hizo mpaka leo hazijulikani zilipo."

Wazaramo walicheka waziwazi, na Wanyamwezi walicheka zaidi, kwa sababu mambo ya babu yalikuwa yamesemwa vizuri. Hakimu akagonga meza. Wakili wangu alisimama kupinga, lakini hakujua anapinga nini, akakaa. Inspekta alikuwa na uso wa mtu aliyetupa ndoana akanasa papa. Na hapo mshtakiwa, ambaye mtani wake alikuwa amemtukana mbele ya umati na yeye bado hajajibu, akainua mkono kizimbani.

"Bwana Hakimu, huyu anasema kweli. Na siku akifa yeye, nitaiba na kikaango chake."

Hakimu aliandika hilo nalo. Niliiona kalamu ikienda.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wazee, na siku ile niliuona usaha wenyewe kwa wino wa serikali. Wakili aliomba kesi iahirishwe kabla hajamhoji shahidi. Hakimu alikubali, akatazama saa yake kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

Tulishuka chini kumwona mshtakiwa mahabusu. Nilitegemea kumkuta amekata tamaa. Nilimkuta anatabasamu.

"Umemsikia, bwana karani?" akaniuliza. "Alivyonisema? Tangu kaka yake afe nilidhani atanyamaza. Kumbe bado ana nguvu."

"Umekiri kosa," wakili akamwambia kwa Kiswahili chake cha dukani. "Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Nilimjibu tu, bwana wakili. Mfiwa yule. Ningenyamaza angejisikiaje?"

Wakili akamweleza habari za beji, na amri, na treni. Alieleza vizuri, bila haraka, na mimi sikuhitajika kusaidia. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho. Tabasamu lilimtoka kidogo kidogo, akaanza kuuzungusha mkono wake pale beji ilipokuwa ikifungwa, maana ilikuwa imeshachukuliwa.

"Kule hanijui mtu," akasema. "Nikifa kule watasema nani huyu."

Nilikuwa na tusi zuri la kumpa, la kumchangamsha. Sikulisema.

Asubuhi iliyofuata wakili alivua koti, akavuka uwanja wa Mnazi Mmoja kwa miguu, jambo ambalo alilifanya mara chache kama wigi lake lilivyotoka koponi. Nilimwongoza hadi kwa dada wa marehemu. Alikuwa barazani, kikaango mbele, cherehani ya kaka yake imefunikwa shuka nyuma yake. Nilimwamkia, akaitikia, akampa wakili kigoda na kitumbua, na akawa bado amejaa furaha ya siku iliyotangulia.

"Mtu wenu vipi? Ameshatoka?"

"Hajatoka, mama," wakili akasema. "Hakimu amekuamini."

"Ameamini nini?"

"Kwamba ni mwizi."

Alicheka, kisha akanitazama mimi kuona kama nacheka. Nilimwambia habari za treni. Mafuta yalikuwa yakiungua na hakuyajali.

"Wamrudishe kwao? Kwao si hapa?"

"Serikali inasema si hapa."

"Serikali imezika na nani hapa?" akauliza, lakini kwa sauti ndogo. Baadaye akasema, "Haya. Nifanye nini?"

Wakili akamwambia arudi kortini aseme kweli. Akajibu kwamba kweli ameshasema, na kila mtu alielewa isipokuwa Wazungu wawili. Wakili akasema ni hao wawili ndio wenye funguo. Lazima aseme bila utani. Aseme kwamba huyu si mwizi, kwamba ni mtu mwema, kwamba nyumba ya kaka yake ilikuwa wazi kwake. Aseme kwa kiapo, kwa adabu, bila kumtaja babu.

Mama yule aliepua kikaango. Akavitoa vitumbua vilivyoungua kimoja kimoja, taratibu kuliko wakili, aliyezoea kulipwa kwa saa, alivyopenda.

"Bwana wakili," akasema, "wewe mtani ukimheshimu, umemkataa. Mgeni ndiye anayeheshimiwa. Mkwe anaheshimiwa. Huyu nimwapie kwenye msahafu kwamba namheshimu, mbele ya Wazaramo wote? Nitamtukanaje tena baada ya hapo?"

"Utaacha kumtukana," wakili akasema. Alidhani anampa habari njema.

Alinitazama tena. Sikumwambia fanya wala usifanye. Nilikuwa karani, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuwa karani.

"Kaka yangu alizikwa hakuna aliyeingia kaburini akambishia," akasema. "Walimshusha tu, kama mzigo wa forodhani. Sasa na huyu ndiyo nimzike, naye bado anatembea." Akajifuta mikono. "Ni siku gani hiyo kesi?"

Siku hiyo alikuja amevaa baibui, na bila khanga kiunoni. Wakili alimhoji taratibu, akamtoa jibu moja baada ya jingine. Mshtakiwa ni nani kwenu? Ni mtani wetu. Mtani ana haki gani msibani? Ana haki ya kuchukua kitu mpaka akombolewe. Baiskeli ingerudi? Ingerudi jioni ile ile. Ilikwenda vizuri, ingawa hakimu alikuwa akiandika na kukunja uso pamoja. Kisha inspekta akasimama. Alikuwa amesoma vizuri maandishi ya siku ya kwanza.

"Wiki iliyopita uliapa ukasema huyu ni mwizi, na baba yake mwizi. Leo unaapa kwamba si mwizi. Siku ipi ulimdanganya hakimu?"

"Siku ile nilikuwa namtania."

"Chini ya kiapo?"

"Ndiyo."

"Na leo tutajuaje kwamba hutanii?"

Lilikuwa swali zuri. Wakili wangu alikiri baadaye kwamba na yeye angeliuliza. Wazaramo na Wanyamwezi wote walisahau karanga zao. Yule mama akamgeukia mshtakiwa, akamtazama usoni. Nadhani walikuwa hawajawahi kutazamana vile.

"Leo sitanii," akasema. "Huyu ni mtu mwema. Kaka yangu alipougua, alimpeleka hospitali kwa mkokoteni wake, kwenda na kurudi, na hakuchukua senti. Usiku aliokufa, ni yeye aliyekuwa amemshika kichwa. Hajaniibia kitu. Namheshimu kama ninavyomheshimu mgeni wa heshima nyumbani kwangu. Naapa."

Mkalimani wa Tanga alitafsiri sawasawa, kama kawaida yake. Kizimbani mtu wangu aliinamisha kichwa. Siku alipoitwa mwizi alisimama wima na kujibu. Alipoitwa mtu mwema alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Inspekta alimwangalia akaona ni dalili ya hatia iliyochelewa.

Hakimu alimwachia huru. Katika hukumu yake alimsifu shahidi kwa kuamua hatimaye kusema kweli, na alieleza utani kuwa ni aina ya utovu wa adabu unaovumiliwa na wenyeji wa pwani na wa bara katika nyakati za huzuni, ambao anatumaini utapungua kadiri elimu inavyoenea. Beji ilirudishwa. Amri ya kuondolewa mjini haikuandikwa. Inspekta alimpa wakili mkono, wakili akamshukuru hakimu, na wote watatu walionekana kuridhishwa sana na jinsi mambo yanavyoendeshwa Tanganyika. Wakili aliniambia nimwekee nakala ya hukumu, kwa kuwa sasa utani umo kitabuni.

Nje, chini ya ukuta wa korti, watu walikuwa wamesimama makundi makundi hawajui wafanye nini. Mke wa mshtakiwa alimshika mumewe mkono. Dada wa marehemu alikuwa pembeni, anarekebisha baibui lisilohitaji kurekebishwa. Mnyamwezi akamwendea, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, dada," akasema.

Hakuwa mdogo kwake wala mkubwa. Yule mama alifungua mdomo, na nikaona tusi likija, nikaliona kabisa, likafika kwenye meno likarudi.

"Marahaba," akasema.

Tuliongozana kurudi Kariakoo, mimi na Mnyamwezi, mkewe mbele. Nilijaribu. Nilimwambia kwamba jela imemsaidia, angalau wamemwogesha. Alicheka kwa adabu, akasema, "Ndiyo, bwana karani." Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Ameapia msahafu kwamba ananiheshimu. Mtu ameapa kwa ajili yangu, nimtanie vipi? Kiapo si kitu cha kuchezea." Nilimwambia kwamba ni maneno ya kortini tu. Akasema, "Hata mimi nilidhani kule kortini ni maneno tu."

Aliendelea kusukuma mkokoteni wake. Alipopita barazani asubuhi alisimama, akasalimia, akauliza hali, akaagiza kitumbua na kukilipia. Mjini alibaki, kwa amri ya korti, kihalali kabisa.

Ikafika arobaini ya fundi. Baada ya kisomo kulikuwa na pilau, na pilau la arobaini ndipo penye shughuli ya watani: nyama hunyang'anywa sufuriani kabla haijapakuliwa, wapishi huwafukuza watani kwa miko, watoto hushangilia. Watu wote wa mtaa walikuja, na nadhani wengi walikuja kumtazama yeye. Alikuja na kanzu nyeupe. Alikaa mwisho wa mkeka, magoti yamekutana, akamsikiliza kila mtu.

Dada wa marehemu alitoka uani amebeba sufuria kubwa la nyama. Hakulipeleka kwa wapakuaji. Alilipitisha kati ya watu mpaka mwisho wa mkeka, akaliweka chini karibu na mkono wa Mnyamwezi, akalifunua, mvuke ukapanda. Akasema kwa sauti, bila kumtazama mtu, kwamba leo ana raha, nyama yake iko salama, wezi wote wamekwisha mjini. Kisha akageuka akaingia ndani, akauacha mlango wazi.

Shingo zote zikageukia mwisho wa mkeka. Nilimtazama mtani wangu, na ndani ya roho nilikuwa namsukuma: chukua, mwanaharamu wewe, chukua. Aliitazama ile nyama. Aliutazama mlango. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kawa lililokuwa juu ya mkeka, akalifunika sufuria vizuri, nzi wasiingie.

Ndani ya nyumba tulimsikia yule mama akianza kulia, kilio cha kuanzia mwanzo, kama cha mtu aliyefiwa asubuhi ile.